Pikapu, Tela na Shokapu: Historia ya Desturi Moja ya Gereji za Marekani

Tarehe 15 Aprili 1925, kampuni ya Ford ilianza kuuza pikapu iliyokamilika kutoka kiwandani. Bei yake ilikuwa dola 281. Lilikuwa gari la Model T la watu wawili lililofungwa sanduku la mizigo nyuma, na chini yake hapakuwa na shokapu hata moja. Springi mbili za pleti, moja mbele na moja nyuma, zote zikiwa zimelazwa kwa upana wa gari, zilibeba injini, bodi, abiria na mzigo. Gari likipita kwenye shimo, lilinesanesa mpaka mnesano ukafa wenyewe. Mkulima aliyetaka nafuu alinunua kifaa dukani na kukifunga kwa mkono wake.

Leo mnunuzi wa pikapu mpya nchini Marekani huulizwa swali jingine kabla hata gari halijapata vumbi: je, ang'oe shokapu za kiwandani na kufunga nyingine, ikiwa anakusudia kuvuta tela la boti, la farasi au la kulala? Kwa mafundi na wauza spea wengi jibu ni ndiyo, tena bila kufikiri sana. Jibu hilo lina asili yake. Lilikuwa sahihi kabisa katika kipindi fulani, likawa sahihi nusu katika kipindi kingine, na limeendelea kutolewa hata pale ambapo gari lenyewe limebadilika. Ili kujua lina uzito gani sasa, ni lazima kuanza na kifaa chenyewe.

Jina la Kiingereza, ambalo Kiswahili kimelichukua na kulifupisha kuwa shokapu, lina maana ya kitu kinachomeza mshtuko. Jina hilo limepotosha watu tangu mwanzo. Kinachomeza mshtuko wa shimo au tuta ni springi: hukunjwa na gurudumu linapopanda, na kuihifadhi nguvu hiyo ndani ya chuma. Tatizo la springi ni kwamba hurudisha kila ilichopokea. Ikishakunjwa hunyooka, ikinyooka hupitiliza, kisha hukunjwa tena, na gari likawa kama kitanda kinachorukiwa na watoto. Kazi ya shokapu ni kuukata mchezo huo. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupitia matundu na vali nyembamba. Mwendo wa springi hugeuzwa joto, na joto hilo hutoka kupitia ukuta wa chuma kwenda hewani. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu ya kawaida haibebi chochote: gari likiwa limesimama na tani moja mgongoni, shokapu haiinui hata sentimita moja ya kile kilichozama.

Tofauti hii ingeeleweka mapema kama vifaa vya kwanza vingekuwa vya namna moja. Havikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mfaransa Truffault alibuni kifaa cha msuguano chenye mikono miwili na visahani vilivyobanwa kwa nati. Mmarekani Edward Hartford akakipeleka New York na kukiuza kwa jina la wote wawili. Nchini Ufaransa, magari ya mashindano ya kampuni ya Mors yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kutumia vifaa vya kutuliza springi. Baadaye Claud Foster wa Cleveland, kupitia kampuni ya Gabriel, akauza mkanda uliozungushwa kwenye kibweta chenye springi ndogo: gurudumu lilipanda kwa uhuru, lakini lilipotaka kushuka kwa kasi mkanda ulilishika. Vyote hivi vilikuwa vitulizo halisi. Lakini kifaa kilichopendwa sana na wenye Model T kilikuwa cha Robert Hassler wa Indianapolis, nacho kilikuwa springi za koili za kuongeza juu ya zile za kiwanda. Hakikutuliza mnesano hata kidogo. Kiliongeza ulaini na uwezo wa kubeba, na kiliuzwa kwa jina lile lile la kimeza-mshtuko. Hapo ndipo kosa lilipopandwa: kwa maelfu ya wamiliki, shokapu ikawa kitu unachokifunga ili gari libebe vizuri zaidi.

Vifaa vya msuguano mkavu vilikuwa na dosari isiyotibika. Msuguano hauangalii kasi. Huzuia mtikisiko mdogo kwa nguvu ile ile inayotumika kwa shimo kubwa, hivyo ukikaza nati kwa ajili ya shimo, gari linakuwa gumu kwenye lami. Ukilegeza kwa ajili ya lami, shimo linakushinda. Mafuta yana tabia tofauti: kadiri yanavyosukumwa kwa kasi ndivyo yanavyopinga zaidi. Mfaransa Maurice Houdaille alilitumia jambo hilo katika kifaa chake cha mzunguko, chenye bapa linalogeuka ndani ya chumba cha mafuta, likiunganishwa na ekseli kwa mkono. Ford ilipoachana na Model T, baada ya kutengeneza zaidi ya magari milioni 15, na kuleta Model A kwa mwaka 1928, vifaa vya Houdaille vilifungwa kiwandani kwenye kila gurudumu. Kuanzia hapo ndipo maneno "shokapu za kiwandani" yalipopata maana kwa mtu wa kawaida.

Umbo tunalolijua leo, la bomba linaloingia ndani ya bomba, lilienea katika miaka ya 1930. Katika mji wa Monroe, Michigan, kampuni iliyoanza mwaka 1916 kwa kutengeneza pampu za tairi iliingia katika biashara ya shokapu mwaka 1926, na miaka michache baadaye magari ya Hudson yakawa ya kwanza kutumia shokapu zake za bomba. Zilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kung'oa: nati juu, nati chini, na bushi za mpira. Urahisi huo wa kung'oa una sehemu kubwa katika habari hii. Kubadili springi ni kazi ya jeki, nguvu na hatari; kubadili shokapu ni kazi ya spana mbili na mchana mmoja wa Jumamosi. Binadamu hubadili kile kinachobadilika kwa urahisi.

Wakati huohuo tela lilikuwa likikua. Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, wasafiri waliokuwa wakilala kwenye mahema na matela waliunda chama kilichojiita Watalii wa Makopo, kwa sababu ya vyakula vya kopo walivyobeba. Miaka ya 1930 Arthur Sherman wa Michigan aliligeuza tela la kulala kuwa bidhaa ya kiwanda, na Wally Byam wa California akatoa lile la alumini linaloitwa Airstream, ambalo modeli yake ya mwaka 1936 bado hutambulika kwa umbo. Lakini matela haya yalivutwa na magari ya kawaida ya familia, siyo pikapu. Pikapu ilikuwa mnyama wa shamba: ekseli nzima mbele na nyuma, pleti nzito, kiti kigumu. Haikuhitaji shokapu za hali ya juu kwa sababu pleti zake nyingi zilisuguana zenyewe na kula sehemu ya mnesano, na kwa sababu hakuna aliyeitarajia iwe laini.

Gari la familia ndilo lililopata shida. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari ya Marekani yalikuwa marefu, mazito na laini mno, na sheria ya mwaka 1956 ya barabara kuu za majimbo ilifungua maelfu ya kilomita za mwendo wa kasi. Mtu akifunga tela nyuma ya gari kama hilo, matako ya gari yalizama, taa zikaangalia mawingu, na usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli. Watengenezaji wa spea walijibu kwa bidhaa mbili. Ya kwanza ilikuwa shokapu iliyozungushiwa springi ya koili kwa nje. Monroe iliiuza kama kisawazisha mzigo. Ya pili ilikuwa shokapu ya hewa, yenye mfuko wa mpira uliojazwa kwa pampu ya kituo cha mafuta, na gari likainuka mbele ya macho ya mwenyewe. Hizi zilibeba kweli. Mwenye gari alizifunga asubuhi, akafunga tela mchana, na gari halikuzama tena. Kwa vizazi viwili vya Wamarekani huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba dawa ya tela ni kubadili shokapu.

Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. Mabano ya juu na ya chini ambako shokapu hufungwa yalikuwa yamesanifiwa kuhimili nguvu za kutuliza mnesano, ambazo huja na kupita, siyo kubeba mamia ya kilo saa zote. Mabano yalipinda, mengine yakapasuka. Wahandisi waliolitambua hilo walitenganisha kazi mbili: kampuni ya Air Lift, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1949, iliuza mifuko ya hewa ya kuingizwa ndani ya springi ya koili, ambako uzito unaingia kwenye chesisi mahali palipotengenezwa kwa ajili ya uzito. Shokapu ikaachiwa kazi yake. Njia hii ndiyo bora hadi leo kwa gari linalozama, na inasikitisha kwamba ilichukua muda mrefu kueleweka nje ya mduara wa mafundi wazoefu.

Safari moja ya kipindi hicho iligusa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1959 na 1960 Wally Byam aliongoza msafara wa matela 41 ya Airstream kutoka Cape Town hadi Cairo, ukipitia Kenya na Ethiopia. Matela yaliyozoea lami ya Florida yalivutwa kwenye njia za udongo, mawe na matuta madogo yaliyopangana kama migongo ya bati. Wenyeji wa njia hizo walikwishajua zinavyoua shokapu. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally, yalikuwa yamegeuza barabara hizo kuwa maabara. Kwenye matuta ya bati gurudumu hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde moja, kilomita baada ya kilomita, na shokapu haipati nafasi ya kupoa. Mafuta huwa mepesi kwa joto, kisha huchanganyika na hewa na kuwa povu. Pistoni inayopita kwenye povu haipingi kitu. Dereva huhisi gari limeanza kuelea, ingawa hakuna kilichovunjika. Likipoa, shokapu hupona. Uchovu wa namna hiyo ndio hasa unaoipata shokapu dhaifu chini ya pikapu inayovuta tela zito kwenye mlima mrefu wa joto, na ndio sababu ya haki iliyobaki ya kuzibadili.

Tiba ya povu ilitoka Ufaransa. Mwaka 1953 Christian Bourcier de Carbon alitoa shokapu ya bomba moja: ndani yake pistoni ya pili inayoelea hutenga mafuta na gesi, na gesi hiyo, ambayo siku hizi ni nitrojeni, hukaa kwa presha kubwa inayoweza kuzidi bar 20. Mafuta yaliyobanwa hivyo hayatoi povu, na kwa kuwa bomba ni moja tu, joto hupita moja kwa moja kwenda hewani badala ya kuvuka chumba cha pili. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilipata haki ya kuitengeneza, na mwaka 1957 magari ya Mercedes-Benz yakawa ya kwanza kufungwa shokapu hizo kwa wingi kiwandani. Pikapu za Marekani ziliendelea na za mabomba mawili kwa sababu ni nafuu na huvumilia kugongwa na jiwe: bomba la nje likibonyea, la ndani huendelea na kazi, wakati bomba moja likibonyea pistoni hukwama.

Kilichogeuza mambo ni mabadiliko ya pikapu yenyewe. Mwaka 1960 Chevrolet ilitoa pikapu yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea na springi za koili nyuma kwa modeli zake nyingi. Ford ilifuata mwaka 1965 na mhimili wake wa mbele uliogawanywa mara mbili. Pikapu ilianza kuendeka kama gari dogo. Katika muongo huohuo viwanda viliuza modeli maalumu za kubebea vibanda vya kulala, zenye springi na shokapu nzito kutoka kiwandani, na mnunuzi aliyejua alichokitaka aliweza kuagiza gari lililokwisha kutayarishwa. Kisha likaja badiliko kubwa kuliko yote. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 na sheria ya mwaka 1975 ya kubana matumizi ya mafuta, magari makubwa ya familia yalipunguzwa. General Motors ilianza kuyafupisha ya kwake kwa mwaka 1977. Gari lililokuwa likivuta tela la familia likatoweka taratibu. Pikapu, ambazo masharti yake yalikuwa mepesi zaidi, zilichukua nafasi yake. F-150 ya Ford ilizaliwa mwaka 1975 kwa kuongezwa uzito unaoruhusiwa ili iepuke kanuni ya moshi iliyoyabana magari mepesi, na tangu mwaka 1977 jamii ya pikapu hizo za Ford imeongoza mauzo ya pikapu nchini humo.

Baba aliyenunua pikapu ili iwe gari la kanisani, la shuleni na la tela la likizo alikuwa mteja tofauti na mkulima wa mwaka 1925. Aliijaribu ikiwa tupu, dakika kumi, kuzunguka mtaa wa muuzaji. Kiwanda kilichotaka kuuza kililainisha shokapu kwa ajili ya dakika hizo kumi. Shokapu za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na pistoni nyembamba, mafuta kidogo, na vali zilizopangwa kwa gari lisilobeba kitu. Hapa desturi ya kubadili ilipata msingi imara kuliko wakati wowote. Kuna kanuni ya mwendo inayoeleza kwa nini: nguvu ya kutuliza inayotosha uzito mdogo haitoshi uzito mkubwa juu ya springi ile ile. Ongeza mzigo, na shokapu ileile itachukua minesano mingi zaidi kuumaliza mtikisiko mmoja.

Uzito wa tela pia hauji kwa njia ya kawaida. Mkono wa tela hukandamiza kiungo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote, na kiungo kiko nyuma ya ekseli, kwa hiyo gari hugeuka bembea. Chukua tela la kilo 3,000 ambalo mkono wake unakandamiza kilo 400, kwenye pikapu ambayo umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3.7 na kiungo kiko mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele hupunguziwa takriban kilo 150, na ya nyuma huongezewa takriban kilo 550, yaani zaidi ya uzito wa mkono wenyewe. Kwenye barabara za zege za kusini mwa California, ambako viungo vya zege hupishana kwa umbali unaofanana, bembea hiyo hupata mdundo: pua ya gari hupanda na kushuka kwa mpigo wa barabara, shingo za abiria zikifuata. Shokapu imara husaidia sana hapo, na waliosafiri kwa gari la aina hiyo kabla na baada ya kuzibadili hawakuwa wakijidanganya.

Walikosea pale walipoitaka shokapu itibu mambo yasiyo yake. Gari linalozama nyuma halihitaji shokapu. Linahitaji springi, mfuko wa hewa, au kiungo cha kugawa uzito, ambacho kwa fimbo zake za chuma hurudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele. Tela linaloyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki ni jambo zito zaidi, kwa kuwa huua. Mara nyingi chanzo chake ni mzigo uliowekwa nyuma mno ndani ya tela, mkono ukabaki mwepesi, kisha mwendo ukapita kiasi au upepo wa lori kubwa ukapiga ubavuni. Kuyumba huko ni kwa mlalo; shokapu hufanya kazi kwa wima. Aliyebadili shokapu nne kwa gharama kubwa na kuuacha mkono wa tela ukiwa mwepesi hajagusa hatari yenyewe.

Anayefikiria kubadili shokapu za gari jipya hujiuliza pia kuhusu dhamana. Mwaka 1975 Marekani ilipata sheria ya dhamana ya bidhaa inayojulikana kwa majina ya Magnuson na Moss. Kwa mujibu wake, mtengenezaji hawezi kufuta dhamana ya gari kwa sababu tu mwenye gari amefunga spea ya kampuni nyingine. Ni lazima spea hiyo iwe ndiyo iliyosababisha hitilafu. Hofu ya kupoteza dhamana, ambayo huwazuia wengi kugusa gari jipya, ni kubwa kuliko sheria yenyewe. Kwa upande wa pili, kibandiko cha uzito unaoruhusiwa, kilichopigwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, hakibadiliki kwa kufunga shokapu yoyote, hata iwe ghali namna gani. Australia ilishika njia tofauti. Huko, ambako misafara ya matela hupita maelfu ya kilomita za jangwa, kuna utaratibu rasmi wa kuongeza uzito unaoruhusiwa kwa kufunga springi na shokapu zilizopimwa pamoja na kupata hati. Shokapu za Old Man Emu, zinazouzwa na kampuni ya ARB iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1975, zimetoka katika mazingira hayo, na ndiyo maana zimezoeleka chini ya Land Cruiser za watalii nchini Kenya na Tanzania. Zinauzwa zikiwa na springi zake. Wazo la kubadili vyote viwili kama kitu kimoja ni sahihi kiufundi kuliko desturi ya Marekani ya kubadili shokapu peke yake.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vyenyewe vilianza kuchukua kazi ya maduka ya spea. Chevrolet ilitoa mwaka 1988 kifurushi chake cha Z71 chenye shokapu za gesi, na Toyota baadaye ikafunga Bilstein kwenye baadhi ya pikapu zake. Lakini uwezo wa kuvuta uliotajwa kwenye matangazo ulikuwa bado ni neno la kila kampuni kwa kipimo chake. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilichapisha kipimo cha pamoja kiitwacho J2807. Toyota ilikuwa ya kwanza kukifuata, kwa modeli za mwaka 2011, na kufikia mwaka 2015 Ford, General Motors na Ram zilikuwa zimejiunga. Sehemu yake maarufu ni mlima wa Davis Dam jimboni Arizona: pikapu ya magurudumu mawili nyuma, ikiwa na tela la uzito wote unaotangazwa, hupanda zaidi ya kilomita 18 kwenye joto la kiangazi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, bila kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Kuna pia majaribio ya kona na ya kuyumba. Gari hupimwa likiwa na shokapu zilezile atakazozikuta mnunuzi.

Kipimo hicho kiliubadilisha msingi wa mjadala. Kabla yake mwenye gari aliweza kusema kwa haki kwamba hajui kama kiwanda kiliwahi kulifikiria tela lake. Baada yake, shokapu za kiwandani zimethibitishwa kuwa salama kwa uzito uliotajwa. Salama siyo sawa na raha, na kipimo hakisemi lolote kuhusu shingo za abiria wa California. Kwa pikapu nyepesi iliyonunuliwa bila kifurushi cha kuvuta na kupewa tela linalokaribia kikomo chake, shokapu ya gesi ya bomba moja yenye pistoni ya milimita 46 bado huleta tofauti inayohisika, hasa ikichaguliwa ile yenye kimo cha kiwandani na siyo ile ya kuinulia gari. Kwa pikapu nzito za robo tatu ya tani na tani moja, ambazo shokapu zake zimepangwa kwa mzigo tangu mwanzo, tofauti ni ndogo, na gari likiwa tupu linaweza hata kuzidi ugumu.

Kwa kundi la tatu, la pikapu zenye shokapu za elektroniki, jibu limekuwa hapana. Tangu mwaka 2002, Cadillac ilipotoa shokapu zenye mafuta yanayobadili uzito kwa sumaku ya umeme, elektroniki imekuwa ikishuka kutoka magari ya anasa hadi pikapu. Vihisi hupima mwendo wa kila gurudumu na kompyuta hukaza au kulegeza vali mara nyingi kwa sekunde. Dereva akibonyeza kitufe cha kuvuta, mpangilio mzima hubadilika. Anayeng'oa shokapu ya namna hiyo na kufunga ya kawaida hujipatia taa ya onyo kwenye dashibodi, na kuupoteza uwezo ambao shokapu isiyo na umeme haiwezi kuulipa. Ram, iliyotoa mifuko ya hewa kama chaguo la mnunuzi kwenye pikapu yake ya 1500 tangu modeli ya mwaka 2013, ilimwondolea aliyeichagua tatizo la kuzama lililozalisha desturi yote hii.

Utaratibu wa gereji zinazoheshimika za magari ya kuvuta matela umejipanga kufuatana na mabadiliko haya. Kwanza tela hupimwa kwenye mizani likiwa na maji, gesi na mizigo ya safari, na mkono wake hupimwa peke yake. Kisha hurekebishwa kiungo cha kugawa uzito, na tairi za pikapu hupigwa upepo wa kiwango cha mzigo, kwa kuwa tairi laini hunesa na hakuna shokapu inayoweza kuituliza. Baada ya hapo gari huendeshwa kilomita mia kadhaa kwenye njia halisi ya mwenyewe. Ikiwa pua bado inapanda na kushuka mara mbili tatu baada ya kila kiungo cha zege, shokapu hubadilishwa, zote nne au angalau mbili za ekseli moja kwa pamoja. Ikiwa mnesano unakufa kwa mara moja, zinaachwa mpaka zichakae. Wengi wa watengenezaji hushauri zikaguliwe zikifika kilomita 80,000, na kwa gari linalovuta mara kwa mara hukaguliwa mapema zaidi. Ukaguzi wa kukandamiza bampa kwa mikono hauna maana kwenye pikapu yenye springi ngumu. Mafundi hutazama mafuta yanayovuja kwenye shingo ya bomba, hutikisa bushi, kisha hufanya jambo la zamani kuliko yote: baada ya safari ndefu hupeleka kiganja karibu na kila shokapu. Iliyofanya kazi ina joto. Ikiwa tatu zina joto na ya nne ni baridi, ya nne imekufa.